Mjane wa Kidato cha Tatu

Kwetu Butiama mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Hakuna anayefundishwa hilo. Tangu binti yangu alipoanza kutembea, baba yangu alimwita "mke wangu", akamdai chai, akamtisha kwamba ataoa mwingine mwenye adabu. Kwa hiyo mzee alipofariki, binti alimlilia kama desturi inavyotaka. Alijifunga kanga kiunoni, akazunguka kaburi akipiga mayowe, "Mume wangu, umeniacha na nani?" Waombolezaji walicheka huku wanalia. Msiba wa mzee aliyeshiba miaka ndivyo ulivyo.

Dada yangu wa Bunda akarekodi. Huyu dada yangu hawezi kuona sufuria inachemka asiiweke status. Akaiweka na hiyo, bila kumuuliza mtu, na vimioyo juu. Mpaka leo anasema alikuwa anamuenzi baba.

Dada huuza vipodozi kwa status hiyohiyo, na mmoja wa wateja wake ni msichana anayesoma darasa moja na binti yangu hapa Musoma. Msichana huyo aliichukua ile video, akaikata, kaburi likatoka, yakabaki yale maneno. Juu yake akaandika "Mjane wa Form Three", akairusha kwenye grupu la darasa. Wavulana wakadakia kwamba mjane lazima arithiwe. Wakabandika picha za vibabu, wakapiga kura nani amrithi.

Huyo msichana si mgeni wa mila zetu. Mama yake nasali naye, na babu yake namfahamu. Na yeye anaitwa "mke wangu" kila akienda kumsalimia. Angekuwa hajui, ningemhesabia ujinga. Alijua, na ndiyo maana nilimchukia, mtoto wa watu, kwa chuki niliyodhani nimeiacha ujanani.

Binti hakuniambia kitu. Alianza kuumwa tumbo kila asubuhi. Nilishtuka aliponiomba ahamie Bunda, akae kwa huyohuyo mama mkubwa wa vimioyo, au aache shule kabisa nimfundishe kushona. Mtoto aliyekuwa anataka kuwa nesi. Nikamkalisha chini mpaka akanionyesha.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule. Alinipa pole ya msiba, kisha akasema ni vizuri binti apumzike nyumbani mpaka mambo yapoe. Video inasema ana mume, na mwanafunzi mwenye mume ni kesi. Ikifika kwa wakubwa, atakayejieleza ni yeye.

"Mwalimu, wewe si mtu wa hapahapa Buhare?" nikamuuliza. "Babu yako alikuwaga anamwita nani mke wake?"

"Dada zangu wote. Mimi najua, mama. Ila mtandao haujui."

"Basi akae nyumbani aliyeikata hiyo video."

Akakunja mikono. "Simu haziruhusiwi hapa. Wanafunzi wangu hawana simu. Sasa nitamuadhibu vipi mtu kwa kosa la simu ambayo hana?"

Mtu mzima, msomi, anasema hayo bila kupepesa macho. Yaani mtoto wangu ana mume kwa sababu video imesema, lakini hiyo video haina aliyeituma. Nilitamani kumpindulia ile meza yake.

"Kesho nakuja naye," nikamwambia. "Nitakaa dawati la nyuma na cherehani yangu. Atakayemwita mjane atanieleza mimi."

"Mama, hairuhusiwi."

"Na simu haziruhusiwi, na zimejaa."

Nilikwenda kweli, na cherehani yangu ya mkono kwenye bodaboda. Nilishona mashati tangu kipindi cha kwanza, makusudi, mwalimu wa jiografia akashindwa kusikika. Hakuna aliyethubutu kunitoa. Nadhani uso wangu ulitosha. Kufika mapumziko mkuu alikuwa amepeleka beseni darasani, na zile simu zisizokuwepo zikalijaza. Video ikafutwa, grupu likavunjwa, wazazi wakaitwa.

Yule msichana aliletwa mbele yangu. "Samahani, mama. Ilikuwa utani tu."

"Utani ni wa mtu na babu yake," nikamwambia. "Wewe ulikuwa unamtania kama nani?"

Mama yake alinitaka tupeane mikono yaishe. Nilimpa, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Kanisani sasa nakaa upande mwingine.

Binti akarudi darasani. Nilimwambia kila mteja kwamba nimeshinda, na nilikuwa naamini hivyo. Likizo ilipofika nikaenda naye Butiama kumsalimia mama yangu, ambaye kwa desturi ileile ni mke mwenza wa mjukuu wake. Mama alitupokea mlangoni, mikono imejaa unga.

"Karibu, mke mwenzangu," akamwambia binti. "Mbona siku hizi hujagi kuniona? Umeshapata mume mwingine?"

Binti alinitazama kwanza mkononi, kisha akawatazama mikononi majirani waliokuwa uani, mmoja mmoja. Alikuwa anatafuta nani ameshika simu.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Naomba uniite jina langu tu."

Mama alinigeukia nimueleze. Nilipita nikaenda kuweka mizigo ndani.