Bei ya Sifa Mpaka Dar

Nilisimama mbele ya kikao cha harusi ya mdogo wangu, watu wazima kama arobaini, nikawafundisha kwamba CIF ni kifupi cha sifa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilinyoosha mkono mwenyewe, nikapewa nafasi, nikasimama.

Nimeanza na hilo ili litoke njiani. Yaliyofuata yote yalizaliwa hapo.

Shule niliishia kidato cha pili, na mwalimu wa Kiingereza ndiye aliyefurahi kuliko wote. Siku hizi nina mashine ya kukamua alizeti hapa Mkiwa, na kirikuu kimoja cha kubebea magunia na mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Kirikuu, kwa asiyekijua, ni kigari kidogo cha mzigo chenye viti viwili, milango miwili na sauti ya cherehani. Kwa mtu wa aina yangu kingetosha. Lakini mwaka ule alizeti ilikuwa na bei nzuri na simu yangu ilikuwa na bando.

Kwenye simu ndiko nilikoikuta. Gari ya spoti, ya Kijapani, nyekundu, milango miwili, imelala chini kama inatafuta sindano iliyodondoka. Nikaangalia bei, nikafuta kioo kwa shati, nikaangalia tena. Bei ya pikipiki nne. Pembeni wameandika CIF Dar es Salaam.

Sasa kwenye kikao tulikuwa tumefika kwenye usafiri wa bibi harusi. Mdogo wangu alikuwa anaolewa Kiomboi, na ukweni kwake huko kulikuwa na maneno. Walisema sisi wa Mkiwa ni watu wa kando ya barabara, tunalea watoto kwa kuuza kuku kwenye madirisha ya mabasi. Kwa hiyo gari ya kumpeleka haikuwa jambo dogo. Kamati ilishapata gari ya kukodi Singida mjini, nyeupe, safi, imebaki kuthibitisha tu. Ndipo nikasimama.

"Mwenyekiti, hiyo ya kukodi tuifute. Mdogo wangu ataingia Kiomboi na gari ya spoti, tena yangu mwenyewe."

Mwenyekiti alikuwa baba yetu mdogo. "Spoti ndiyo gari gani?"

"Ya mashindano, baba. Inanguruma."

"Na bei yake unaiweza wewe?"

Simu ikazungushwa mkono kwa mkono. Mzee mmoja akavaa miwani, akasoma, akauliza hiyo CIF maana yake nini. Ningeweza kusema sijui. Watu wengi husema sijui na wanaishi vizuri tu.

"Ni sifa, mzee. Wamefupisha. Bei ya sifa mpaka Dar. Yaani gari inaletwa na sifa zake zote mpaka Dar es Salaam."

Wakapiga makofi. Gari ya kukodi ikakatwa kwa kalamu.

Mdogo wangu alinifuata nje. "Kaka, una uhakika? Mimi siku hiyo sitaki kuchekwa na wale watu."

"Niamini."

"Nakuuliza uhakika, wewe unaniambia imani."

Ambaye hakupiga makofi ni rafiki yangu fundi pancha. Tumeanza naye darasa la kwanza, na kibanda chake kinatazamana na mashine yangu. Kesho yake akaniuliza, "Ushuru umeulizia?"

"Ushuru wa nini, na gari yenyewe ni kuukuu? Mtumba watautoza nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote ya forodha. Nilidhani gari ni kama shati la mtumba, likizidi kuchoka hata muuzaji analiachia bure. Nikalipa, meli ikaondoka Japani, mimi nikaanza kutembea kwa mapozi.

Baada ya wiki nyingi akapiga simu wakala wa kutoa mizigo bandarini.

"Kaka, gari yako imefika. Naona ina miaka ishirini na mbili."

"Ndiyo, lakini mwenyewe alikuwa mmoja tu, mzee mtulivu."

"Basi kuna uchakavu."

"Hapana, haina uchakavu."

"Uchakavu upo, kaka."

"Ndugu yangu, nina picha."

Nikamtumia picha thelathini. Chini ya bodi, ndani ya buti, bawaba za milango, hata mkeka wa miguuni. Halafu akanitumia ujumbe wa sauti, anaongea taratibu kama anaongea na mgonjwa. "Kaka, picha ni nzuri. Ila uchakavu ni jina la kodi. Gari ikipita umri fulani inalipiwa huo uzee wake."

Akaendelea kunifundisha, na huyu hakuwa na kiboko. CIF ni bei ya gari, bima na meli mpaka bandarini, basi. Ushuru haumo. Kuna ushuru wa forodha, kuna ushuru mwingine unaokua na ukubwa wa injini, na yangu ilikuwa na injini ya kuvuta trela. Kuna huo uchakavu. Halafu inakuja VAT kukaa juu ya wenzake wote, kodi imebebwa na kodi. Nikajitetea kwamba nina risiti, nilinunua bei ndogo. Akasema watu wa forodha hawahangaiki na risiti yangu, wana bei yao ya kukadiria. Hesabu yote ilipokuja, kodi ilikuwa imeipita gari yenyewe.

Nilimwambia mama. Akanijibu kwa Kinyaturu, na tafsiri yake siiandiki hapa.

Nikapata akili ya pili, mbaya kama ya kwanza. Nikasema niiuze nchi ya jirani bila kuitoa bandarini. Kwa fundi pancha pale wanasimama madereva wa malori wa kila nchi, kwa hiyo nikakaa na simu yangu nawaonyesha picha. Mkenya mmoja akaipenda sana, kisha akauliza mwaka wake.

"Bwana, kwetu gari ikipita miaka nane haiingii. Hiyo yako hata ukiisukuma usiku."

Mnyarwanda akaangalia picha ya ndani. "Usukani uko kulia. Sisi tunataka wa kushoto."

"Si mnaweza kuuhamisha?"

"Na wewe si unaweza kuhama?"

Nikawauliza sasa kwa nini Wajapani waliiuza rahisi vile. Yule Mkenya akanieleza kwamba kule gari ikizeeka, kuikagua na kuilipia kila mara kunakuwa mzigo, mwenye nayo anaona heri aiachie. Ndipo nikaelewa kwamba gari ni moja ila kila nchi ina tusi lake. Japani ni mzigo, Kenya ni mzee, Rwanda ni usukani wa upande usiotakiwa, na kwetu karibu, ila ulipie uzee.

Mwishowe wakala akanitafutia mtu wa Dar ambaye kodi haimnyimi usingizi. Akaichukua palepale bandarini. Hela iliyorudi siitaji, mke wangu anaweza kusoma hapa.

Zilikuwa zimebaki siku kumi. Gari nyeupe ya Singida ilishachukuliwa na harusi nyingine, na ule msimu baada ya mavuno kila mtu anaoa. Nikaenda kwa mdogo wangu. Alikuwa anajaribu viatu. Nikasema yote, mpaka picha thelathini.

Akavua kiatu kimoja. "Kwa hiyo nimebaki na nini?"

"Na mimi."

"Na wewe una nini?"

"Kirikuu."

Akakigeuzageuza kile kiatu mkononi. "Kina milango mingapi?"

"Miwili."

"Si ndiyo uliyoahidi kwenye kikao?" Akakivaa tena. "Kaoshe. Kikinuka mashudu siolewi."

Nilikiosha siku tatu. Mashudu hayatoki, yanapungua tu. Nikafunga riboni mbele, kamati ikapanda kosta, sisi wawili tukatangulia, kirikuu kinalia cherehani yake mpaka Kiomboi. Jasho lilikuwa linanitoka hata kwenye mteremko.

Ukweni walikuwa wamejipanga barabarani. Shangazi wa bwana harusi, ndiye mwenye yale maneno ya kuku, akasogea dirishani.

"Kha. Bibi harusi kaletwa na gari ya mzigo?"

"Shikamoo, shangazi," mdogo wangu akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mzigo ni huyu kaka. Mimi nimemsindikiza tu asipotee."

Shangazi akanitazama, akaona tai yangu imelowa, akaanza kucheka mpaka akashika mlango. Wakacheka wote, kisha vigelegele. Walikuwa wananicheka mimi. Mdogo wangu akashuka, kichwa juu, shangazi mwenyewe kamshika mkono.

Baada ya kanisani bwana harusi akashika usukani, bibi harusi pembeni yake. Viti vikawa vimeisha. Nilipanda nyuma na matroni, kila mmoja na kiti chake cha plastiki, nimeshikilia kamba kama mbuzi wa sikukuu, nawapungia watu mkono.

Jumatatu nilifungua mashine mapema nisionwe. Fundi pancha alishafika. Aliangalia riboni ambazo sikuwa nimezitoa, akaendelea na tairi lake, halafu akasema bila kuinua kichwa:

"Ila hukudanganya kikao. Ulisema bei ya sifa mpaka Dar. Na kweli ziliishia Dar."