Chumvi Niliyoifagia Castle Vale

Mwaka wa 1961, nikiwa na miaka tisa, baba alitutoka, nami nikatolewa darasa la pili nikapelekwa kuuza maji ya madebe mitaani Mombasa. Shida zangu zilianza hapo, na nguvu za mgongo huu zilianza hapo pia. Nakwambia mapema ili ujue anayesema nawe ni nani. Si mtu wa kuona kivuli akapiga mayowe. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mjini Birmingham, baridi ya mwaka 2006, na kama huwezi kuniamini basi acha hapa hapa, kasome mambo mengine.

Wakati huo nilikuwa nahudumia wazee majumbani kwao. Mmoja alikuwa Mjapani, akikaa Castle Vale. Ujanani alipigana sumo, ile mieleka ya majitu manene yaliyovaa mshipi mtupu, yanasukumana ndani ya duara la udongo. Alimfuata mke wa Kiingereza, mke akafa, yeye akabaki. Unene wote ulikuwa umekwisha, ngozi inamning'inia kama koti la kuazima. Na alikuwa ameacha kula.

Siku ya Alhamisi msimamizi wetu, msichana wa Nyeri, akanipigia simu. "Mama, kesho tukimkuta hajala anaenda hospitali kulishwa kwa mpira. Na akitoka huko harudi hapo, ni nyumba ya wazee." Mzee alisikia. Akanishika mkono, akaniambia kwa Kiingereza chake cha Birmingham kwamba anataka kufia kwenye kiti chake. Hakutaka kingine duniani.

Nilikuwa nimempikia pilau, akageuza uso. Biriani, vivyo hivyo. Nikamuuliza, sasa wewe mzee, kwenu mlikula nini mkawa kama viboko? Hapo macho yakamwamka. Akanieleza chakula cha wapiganaji, chanko. Sufuria moja kubwa katikati ya kambi, vijana wanapika, wakubwa wanakula kwanza, wapishi wanabaki na mchuzi. Siku za mashindano wanataka kuku, si ng'ombe, si nguruwe. Mnyama wa miguu minne yuko chini tayari, na mpiganaji akigusa chini kwa mkono ameshindwa. Kuku husimama kwa miwili.

Nikamwambia nguruwe mimi simli hata asimame kwa mguu mmoja. Lakini sisi tunasujudu kila siku, paji la uso chini, je, tumeshindwa? "Labda nyinyi mlikubali mapema," akasema, "mkapumzika." Nilimpenda mzee yule.

Nikaenda Balsall Heath kununua kuku wa halali. Saa kumi za alasiri, giza limeshaingia, ndivyo Desemba ya kule ilivyo. Nikiwa nachagua, nikasikia harufu tamu ya mafuta ya nywele nyuma yangu, na sauti ikasema nichukue yule mwenye kifua. Nikageuka. Kijana mpana kama mlango wa ghala, kavaa kanzu nyepesi ya pamba, nywele zimefungwa utosini, miguuni mitalawanda ya mbao, na nje theluji inaanguka. Alisema kwa lugha gani? Mpaka leo sijui. Nilielewa tu, kama unavyoelewa usingizini. Akasema yeye ni msafiri, na kwamba yeye na mzee wangu walikuwa kambi moja. Unaniuliza kijana wa miaka ishirini alikuwaje kambi moja na mtu wa themanini? Sikumuuliza. Nilikuwa na haraka ya kuku.

Tukapanda basi, tukabadilisha basi. Hakuna aliyemtazama. Alipokaa, kiti hakikulia. Hilo nililiona, nikalipita.

Tulimkuta mzee amelala kitini. Kijana akaingia jikoni kama kwao. Mifupa kwanza, ichemke taratibu. Kisha akatoa ndani ya mkono wa kanzu yake kabichi, akatoa uyoga, akatoa tofu, donge jeupe la maharage ya soya, ambalo mimi nilidhani ni sabuni. Mvuke ukajaa nyumba nzima. Ukuta wa sebule sikuuona tena, nikahisi nimekaa mahali papana, watu wengi wanapumua pamoja gizani. Sikuogopa. Nilitamani pasiishe.

Akaomba chumvi. Ndipo nikatulia kabisa, maana kwetu Mombasa kila mtoto ajua jini hali chumvi. Akachota konzi nzima. Lakini hakuitia kwenye sufuria. Aliirusha juu, ikaanguka juu ya zulia la sebule, ikajipanga duara.

Mzee akafumbua macho. Wakatazamana, wala hakuna aliyeshtuka. Kijana akampa bakuli, mzee akala. Akaongezewa, akala. Nami nikaonja. Chumvi haikuwamo hata chembe, lakini, niamini, ulikuwa mchuzi wa kulishwa na mama ukiwa na homa. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

"Sasa umeshiba," kijana akamwambia. "Twende tukamalize."

Ndipo mzee akanieleza, kwa upole, kama anayeniaga. Walipika sufuria moja miaka mitatu, wakapangiwa kupambana, na usiku wa kuamkia pambano kijana yule akafa. Amengoja tangu hapo, na pambano likiisha wataondoka pamoja. Hapigani na mtu mwenye njaa, ndiyo sababu amekuja kumlisha. Basi mzee akasimama. Peke yake, bila mkanda wa kumnyanyulia, mtu ambaye hajasimama tangu Ramadhani. Kijana akainua mguu mmoja juu kabisa, akaukita chini, na vikombe kabatini vikalia.

Unadhani nilisoma dua? Dua zote zilinikimbia. Nilichoona ni ile chumvi, na zulia nimelipiga mashine asubuhi ile ile. Nikachukua ufagio wa mkono na kizoleo, nikaingia katikati yao. "Nyinyi mchezeane, halafu mfagiaji awe mimi?" Nikainama, nikafagia.

Kijana alirudi nyuma. Hakukasirika. Aliitazama miguu yangu kama mtu aliyevunjiwa chombo cha mamake. Akaniinamia, akamwinamia mzee, akatoka, na mlango sikuusikia.

Mzee akaketi, akacheka mpaka nikahofia pumzi itakatika.

"Mama, umeuharibu uwanja. Mwanamke haingii kwenye duara la sumo. Akiingia, pambano halipo tena."

Nikamwambia huo ni ujinga. Wanaume wangapi nimewaogesha na kuwageuza vitandani, leo mguu wangu uchafue udongo?

"Ujinga, ndiyo," akasema. "Umenipa siku."

Ijumaa msimamizi alipokuja alimkuta ana bakuli mkononi. Akaniambia, Mama wewe ni mchawi, akaenda zake. Mzee akaishi mpaka maua yalipotoka, akafa kitini pake, mikono juu ya magoti.

Lakini kabla ya hapo aliniambia neno moja. Kwamba niliingia uwanjani, na hakuna aliyenitoa, kwa hiyo bado nimo. Tangu siku ile hakuna anayenisogeza. Barafu ikitanda, vijana wanaanguka, mimi napita. Wajukuu zangu, wanaonijibu Kiingereza hata nikiwafokea Kiswahili, wamenisukuma wote pamoja wakachoka. Usinionee wivu. Kila Desemba giza likiingia, zulia hugeuka udongo chini ya nyayo zangu, na upande wa pili kuna mtu anakita mguu, ananingoja. Sikai. Nasimama mpaka apite.

Kwa hiyo sikia. Usimwamini mgeni kwa kuwa ameshika chumvi. Tazama kama anaila.

Wala sisemi haya nipate kitu. Nina nyumba Acocks Green, nimemaliza kuilipa. Nina vyumba sita vya kupangisha Mombasa. Nina kiwanja Kilifi, na hati ninayo. Nina gari moja, vyerehani viwili, friza mbili na dhahabu ya kuozea wajukuu. Mwenye shaka aje anisukume.