Mistari Minane ya Bi Sihaba

Katika hospitali moja ya binafsi mjini Kibiti, ambayo jina lake tuliache maana wana mwanasheria, kuna mlango ulioandikwa MADAI YA BIMA. Nyuma ya mlango huo anaketi Bi Sihaba, na juu ya kichwa chake kimetundikwa cheti ndani ya fremu ya plastiki yenye rangi ya dhahabu: Karani Bora, Madai Yaliyokataliwa Sifuri. Madaktari nao wana vyeti, lakini vya kwao viko kabatini vinaliwa na mende.

Bi Sihaba ni mtoto wa wakulima wa ufuta wa Nyamwage, Wamatumbi wasiopenda makuu. Makuu aliyakuta mwenyewe hospitalini. Alianza mapokezi, akapanda mpaka kwenye kiti chenye magurudumu, na tangu akikalie ni miaka kumi na moja. Mezani kwake kuna rundo la fomu. Fomu ya mtu mpole, anayeingia taratibu na kusimama mpaka aambiwe akae, hukaa juu. Ya yule anayeuliza mbona mambo yanachelewa hushuka chini kabisa, ikapumzike na wenziwe. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na Kibiti nzima hakuna asiyeijua.

Siri ya cheti ilikuwa rula na kalamu nyekundu. Mwaka wake wa kwanza, kampuni ya bima ilimrudishia dai zima kwa sababu mstari wa kusafisha kidonda ulitokea mara mbili. Kidonda kilisafishwa mara mbili kweli, asubuhi na jioni, lakini kampuni ati haikuwapo. Bosi alimsema mbele ya watu, na yeye aibu ile haijamtoka hadi leo. Tangu hapo, akiona mstari unaofanana na ulio juu yake, anaufuta. Haulizi mtu.

Sasa mwaka huu, mwezi wa tatu, akaingia Mwalimu Zubeiri wa shule ya msingi Nyamwage, yule yule aliyemfundisha Bi Sihaba hesabu akiwa darasa la nne. Amekonda, fizi zinatoa damu, mikononi ana madoa ya zambarau kama aliyepigwa. Bi Sihaba akampa shikamoo pasipo kuinua macho, akapokea fomu ya Daktari Talib.

Daktari alishaona kwenye kipimo cha kawaida kwamba damu imeingia saratani. Kilichobaki ni kujua ni saratani ya aina gani, maana dawa ya moja siyo dawa ya nyingine, na zipo saratani zinazoua mbio. Kwa hilo kuna mashine Dar es Salaam. Damu hutiwa rangi, chembe zikapita moja moja mbele ya mwanga mkali, na kila chembe ikajulikana ni ya ukoo gani kwa alama zilizo juu yake. Mwalimu alihitaji alama kumi. Na wenye misimbo ya bima, yaani namba za malipo, kwa hekima zao, wameamua kwamba alama ya kwanza ina msimbo wake, na kila alama inayoongezwa ina msimbo mwingine. Kwa hiyo Daktari aliandika mstari mmoja wa kwanza, kisha mistari tisa iliyofanana kama mapacha.

Bi Sihaba alipoiona ile mistari tisa alicheka. "Madaktari hawa," akasema, "wakipewa kalamu hawajui kuacha." Akachukua rula. Akafuta minane, akabakiza mmoja, akaingiza kwenye kompyuta, akabonyeza. Kibali kikaja kabla chai haijapoa. Mwalimu akapewa nakala yake, akaitazama muda mrefu kidogo, akashukuru, akaondoka.

Damu ikapelekwa Dar siku hiyo hiyo, bila kuwekwa barafu, maana ndivyo ilivyoagizwa, na maabara, ambayo hufanya kilichoidhinishwa tu, ikapima alama mbili. Jibu lilichukua siku sita kurudi. Daktari Talib aliingia nalo kwa Bi Sihaba bila kubisha hodi, jambo ambalo kwa mtu mwingine lingemshusha chini ya rundo.

"Wamesema hawawezi kusema lolote," akamwambia. "Alama mbili hazitoshi hata kujua ni chembe ya nini. Na damu ile imeshakufa, haipimiki tena. Nani kafuta mistari yangu?"

"Ilikuwa inajirudia, Daktari."

"Haijirudii. Kila mmoja ni kipimo chake."

Bi Sihaba akaiweka rula chini. Akaipigia simu kampuni ya bima, na sauti ya kijana mmoja asiye na haraka ikamweleza kwamba hakuna tatizo kabisa, mama. Mstari uandikwe mmoja, halafu kwenye kisanduku cha idadi ajaze tisa.

Kisanduku cha idadi. Karani Bora alikuwa anakiona kila siku kwa miaka kumi na moja, akikijaza moja, moja, moja, kama mtu anayehesabu bila kutaka kufika mbili. Alirekebisha kwa dakika mbili. Ila Mwalimu alishasafiri kwa dada yake Ngarambe, simu haipatikani, na alipopatikana, akatolewa damu nyingine, ikaenda Dar na kurudi, wiki mbili zilikuwa zimekwisha. Na saratani yenyewe ilikuwa ya zile zinazoua mbio.

"Wiki mbili kwa ugonjwa huu ni nyingi," alisema Daktari Talib. Bi Sihaba hakulala vizuri siku zile. Aliona aibu, na safari hii hakuwa na bosi wa kumsingizia.

Siku ya kwenda kuanza dawa Dar, Mwalimu Zubeiri alipita kuchukua barua yake ya rufaa. Alikuwa na mfuko wa mchele wa kilo tano. Akauweka mezani.

"Umehangaika sana kwa ajili yangu, mwanangu."

Bi Sihaba akautazama mchele akashindwa kuugusa. "Mwalimu, mie ndiye niliyefuta. Umechelewa kwa sababu yangu."

"Najua."

"Unajua?"

"Nakala ulinipa mwenyewe. Kumi kutoa nane zinabaki mbili. Nilikufundisha mimi hesabu hiyo." Alisema kwa upole, kama anayezungumza na mtu mkubwa kazini.

"Sasa mbona hukuniambia palepale? Ningerekebisha siku ile ile, Mwalimu."

Mwalimu akageuza macho, akalitazama lile rundo la fomu, la juu mpaka la chini.

"Niliogopa," akasema. "Nilidhani nikikusahihisha, fomu yangu utaiweka chini."

Bi Sihaba alifungua kinywa akatae. Akatafuta, katika miaka kumi na moja, mtu mmoja aliyemsahihisha na fomu yake ikabaki juu, asimpate.

"Kaa, Mwalimu," akasema. Ndipo alipotambua kwamba tangu aingie, mzee yule mgonjwa alikuwa amesimama.