Mbegu ya Mnyapara

Kwetu Busia mtu hahesabiwi, ni mkosi, kwa hiyo mnyapara wa kiwanda chetu cha pamba anahesabu mbegu. Kila asubuhi anasimama langoni na ule mkono wa vidole vitatu, viwili vilikwenda na mashine, anampa kila mfanyakazi mbegu moja ya pamba. "Weka mfukoni, mama. Ukisikia rimu, toka mbio uniletee hapa kwa mizani." Kila Ijumaa anagonga ile rimu ya lori iliyotundikwa kama kengele, nasi tunakimbia tukicheka, tunatumbukiza mbegu zetu kwenye debe lake. Tajiri, mwenye kiwanda, huchungulia dirishani akinung'unika kwamba tunapoteza wakati.

Jumanne moja ya mwaka sabini na nne rimu ililia, na moshi ulikuwa wa kweli. Tulidhani tumetoka sote. Mnyapara akamwaga debe, akazipitia mbegu kwa kidole. "Moja haijarudi," akasema kwa sauti ileile ya Ijumaa, akajifunika gunia bichi, akaingia ghalani. Alitoka amembeba mgongoni mwenzetu Gaudencia, aliyekuwa anakohoa, mbegu iko ngumini mwake. Akamsogezea debe kwanza, ndipo akampa maji. Tulipofungua tena kazi, nyuma kabisa ya foleni ya langoni alisimama tajiri, amekinga mkono.