Mshairi wa Lahore na Diwani Wetu

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Sumbawanga, nasubiri misumari. Mwenye duka, mzee ambaye babu yake alitoka Punjab, alikuwa anasikiliza mashairi ya Kiurdu kwenye simu. Kila ubeti ukiisha anajipiga paja: "Wah! Wah!"

Mama mmoja aliyetoka kijijini Mpui kufuata bati akamuuliza, "Shikamoo mzee. Anasemaje huyo?"

"Marahaba. Anamwambia kiongozi wake: ulipoomba kura uliushika mkono wangu wenye tope ukacheka. Leo tope ni lile lile, ila wewe unanipungia ukiwa ndani ya gari, na kioo umepandisha."

Mama akashika kiuno. "Kumbe amefika Mpui!"

Tukacheka wote, isipokuwa diwani mmoja aliyekuwa anachagua rangi ya geti lake. Akaweka kopo chini, akasogea kaunta.

"Mzee, huyo ni wa chama gani?"

"Mheshimiwa, huyo ni wa Lahore. Pakistani."

Diwani akashusha pumzi, kisha akatugeukia na kusema kwa sauti ya mkutanoni, "Ndugu zangu, wenzetu kweli wana viongozi wabaya!"

Tukaitikia kwa heshima. Mama wa Mpui alishindwa kujizuia, akatoka kwenda kuchekea nje.