Msimu wa Kuchagua Jogoo

Nyumba ya kuku ina harufu yake asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, na harufu hiyo ninaweza kuiita hata leo nikifumba macho tu. Ni joto la manyoya yaliyolala yamebanana, majivu aliyoyamwaga Nkambo chini kufukuza viroboto, nyasi kavu, na juu ya yote moshi wa makaa kutoka kwenye mbabula, lile jiko la bati ambalo mtaa wote wa Kamalondo huliwasha nje ya mlango kila alfajiri. Ulikuwa mwezi wa saba, nami nilikuwa na miaka tisa. Baridi ya Lubumbashi mwezi huo watu wa mbali hawaiamini mpaka waione pumzi yao wenyewe ikiwatangulia njiani. Mama alikuwa amebaki Kipushi, mimba imemlemea na daktari amemkataza kusimama sana, kwa hiyo likizo kubwa yote nilipelekwa kwa mama yake, Nkambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Nilifika na mkoba mmoja na ulimi mzito. Mimi si mtu wa kusema. Darasani mwalimu akiniita jina nasimama, jibu ninalo, lakini linabaki hapa kooni kama mfupa wa samaki. Kwa Nkambo hakuna aliyenilazimisha kusema, na kuku hawakuniuliza kitu.

Kuku wa Nkambo hawakufanana hata wawili. Mmoja alikuwa na shingo tupu, nyekundu, kama mzee aliyesahau shali yake kanisani. Mwingine manyoya yake yalipinda kwenda juu, ungedhani upepo ulimkuta kwa nyuma na haujamwacha hadi leo. Kulikuwa na wa madoadoa, na wa rangi ya udongo wa kichuguu ambaye akilala kwenye vumbi humwoni mpaka umkanyage. Uzao wao ulitoka upande wa Pweto, kando ya ziwa: mama yake Nkambo alishuka nao zamani ndani ya kikapu, juu ya lori la samaki wakavu, na Nkambo alishikilia kwamba kwa muda mrefu mayai yao yalinukia ziwa. Siwezi kuapa. Lakini kila yai nililiweka puani kabla halijapikwa, na mara nyingine, kukiwa na ukungu uani na jua halijafika juu ya mabati, nilikaribia kuamini.

Katika kundi la namna hiyo, shida ni majogoo. Vifaranga vikikua, madume yanakuwa mengi, yanapigana, yanawachosha mitetea mpaka migongo inabaki bila manyoya. Kwa hiyo kila mwaka, kabla mvua ya kwanza haijanyesha, Nkambo alimchagua mmoja, na wengine wakaingia sufuriani. Mwaka ule sufuria ilikuwa na siku yake tayari, maana mtoto wa Mama angezaliwa na kubatizwa, na ukoo wote ungekuja kula. Kila pora, yaani jogoo mchanga, aliyekuwa pale uani alikuwa na njia mbili tu, kuchaguliwa au kuliwa. Kwa sababu hiyo Nkambo alikataza kumpa jogoo jina kabla ya kuchagua. Alisema jina linafunga mkono wa mwenye kisu. Yeye mwenyewe alikaa kwenye kiti chake kifupi akichambua sombe, majani ya muhogo, jani baada ya jani, na macho yake hayakuwa kwenye sombe hata kidogo. Alitazama nani anaita wengine akipata chakula, nani anaingia mwisho kulala, nani anasimama wapi. Msimu mzima alichagua, kumbe mimi nilidhani anapumzika.

Mimi nilivunja amri yake, lakini ndani ya mdomo tu. Pora mmoja alikuwa wa kijivu, shingo yake ina mistari ya fedha, na asubuhi alipopita mbele ya mbabula ulishindwa kusema jogoo anaishia wapi na moshi unaanzia wapi. Nikamwita Moshi, bila sauti. Hakuwa mkubwa. Alipojaribu kuwika, sauti ilikatika katikati, naye akainamisha kichwa akadonoa ardhi mahali pasipo na kitu, kama mtu anayejifanya anatafuta sindano baada ya kujikwaa mbele za watu. Nilimfahamu vizuri sana. Mchana nilikaa ukutani kwenye jua naye akaja kukaa karibu, si miguuni, karibu tu, kila mmoja akitazama upande wake. Nilikuwa nikiota mchana, macho wazi. Niliona mvua imefika, vifaranga vya kijivu vimejaa uani, na mimi ninarudi kila likizo, naye yupo palepale ukutani ananingoja. Niliitaka picha ile kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka ule, hata kuliko kumwona mtoto mpya, naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Kikwazo kilikuwa Komanda. Jina hilo alilitoa Mujomba Feli, kitinda mimba wa Nkambo, ambaye alishona nguo katika chumba cha mbele na hakuogopa amri za mama yake. Komanda alikuwa mwekundu, mzito, kilemba chake kimesimama kama moto, na akitembea alinyanyua miguu juu kama askari siku ya gwaride. Wateja waliokuja kupima suruali walisimama kumsifu. Mujomba alipata joto moyoni, akawa anamtupia makombo ya bukari, ugali wetu, kutoka dirishani, na Komanda akayameza yote kabla mitetea hawajageuka. Moshi akipata hata funza mmoja, alimshika, akamwangusha, akamshika tena, akaita kwa sauti ya chinichini, ko-ko-ko, mpaka mtetea mmoja aje amle. Nilihesabu hayo kuwa ushindi, lakini niliona pia kwamba Nkambo hasemi lolote, na wateja wanazidi kumsifu yule mwekundu.

Halafu siku moja mwewe akaja. Mchana ulikuwa umetulia, cherehani ya Mujomba inanguruma, Nkambo amekwenda sokoni, nami nipo ukutani kwangu nusu usingizini. Kivuli kilipita juu ya vumbi, kikarudi. Komanda ndiye aliyekuwa wa kwanza chini ya meza ya kufulia. Alikimbia juu ya migongo ya vifaranga. Moshi alibaki nje. Alitoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, ndefu, nyembamba, bila kukatika, na mitetea wakazoa watoto wao wakaingia kwenye majani ya viazi vitamu. Yeye akasimama katikati ya ua, jicho moja limeelekea juu, mpaka kile kivuli kikahamia kwa majirani. Ndipo akajitikisa, akadonoa ardhi mahali pasipo na kitu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku ile niliwaelewa bila kuelezwa. Na hapakuwa na shahidi isipokuwa mimi.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, na siku ya ubatizo ikapangwa. Jumapili moja baada ya misa Nkambo aliketi kwenye kiti chake kifupi bila sombe mkononi, tukajua kwamba leo ndiyo leo. Mujomba akatoka na kipimo chake shingoni.

"Mama, unaangalia nini tena?" akasema. "Ule mwekundu iko mukubwa. Batoto bake batakuwa bakubwa."

"Mukubwa, ndiyo," Nkambo akajibu. "Lakini anakulaka mbele ya wake zake. Mwanaume wa vile, nyumba yake inalala njaa."

Mujomba akacheka, akasema hapo mama anamsema marehemu baba. Nkambo naye akacheka, na kicheko chao kilinitia hofu, kwa sababu watu wakicheka pamoja huwa karibu kukubaliana. Kweli, Nkambo aliguna, akakiri kwamba yule wa kijivu anaita wake zake vizuri, ila hajui kama ana moyo. Mujomba akadakia hapohapo.

"Kale ka majivu? Kanaogopa hata kivuli yake."

Mfupa wa samaki ulikuwa kooni pangu kama kawaida. Sijui ulitoka vipi. Nilisikia sauti ikisema, nikatambua ni yangu: "Haogope. Mwewe ilikuja, yeye akabakia inje. Komanda alikuwa chini ya meza."

Nkambo alinigeukia taratibu, akaniuliza kama niliona kwa macho yangu au niliota. Nikasema niliona. Nikaeleza kivuli, majani ya viazi, jicho lililoelekea juu. Nilieleza mengi kuliko nilivyokuwa nimesema tangu nifike. Mujomba alitazama viatu vyake, kisha akasema, basi, mwanasheria amepatikana katika ukoo. Nkambo alichana kipande cha kitenge cha bluu, akamshika Moshi, akakifunga mguuni. Usiku ule nililala kama mtu aliyewekwa juu ya maji ya uvuguvugu. Ile picha yangu ya mvua na vifaranga vya kijivu sasa ilikuwa na mguu wa kusimamia.

Asubuhi akaja Mamu Kapinga. Nyumba yake ilitazamana na yetu, ng'ambo ya barabara. Wazee wake walitoka Kasai, na alipokuja kwa Nkambo kwa kawaida hakubisha hodi. Siku hiyo alibisha, amevaa kitenge kizuri, na kichwani amebeba kikapu. Ndani ya kikapu kulikuwa na jogoo mweusi mwenye shingo tupu, kitambaa cha manjano mguuni. Wakasalimiana kwa kuinama, wakaitana bukwe, yaani wakwe, huku wakijitahidi wasicheke. Nkambo akaniambia nimlete wa kwetu. Nilimleta, kwa sababu nilidhani wanataka kumwona tu. Mamu Kapinga akamtoa mweusi, akamweka Moshi ndani ya kikapu, akafunika.

"Anaenda wapi?" nikauliza.

"Kwa bukwe. Humu mote ni mama yake na badada yake," Nkambo akasema. "Ataoa nani?"

Mamu Kapinga akacheka mpaka kikapu kikatikisika. Mimi sikucheka, na Nkambo akaona. Akanishika kidevu.

"Mubaya tunakula, mwana wangu. Muzuri tunamupana. Mwenye tunachagua, ndiye mwenye anaendaka."

Baadaye alinieleza kwa utulivu kwamba tangu enzi za mama zao nyumba zile mbili zilipeana majogoo hivyo. Hakuna aliyethubutu kumtoa wa pili na kujibakizia wa kwanza, maana atakachotoa ndicho kitakachomrudia katika damu ya kuku wake. Nilisikia yote, lakini nilichokuwa nikifikiria ni ukuta wangu mtupu. Kama ningenyamaza, angeliwa. Niliposema, akaondoka. Sikuwa nimejua kwamba kuna njia ya tatu, na kwamba ndiyo nzuri, na kwamba nzuri nayo inauma. Komanda aliliwa siku ya ubatizo, kwa mafuta ya mawese. Nilipewa paja, na ninakiri lilikuwa tamu.

Siku nyingi nilisimama kwenye lango la Mamu Kapinga bila kubisha, hadi aliponivuta ndani kwa mkono. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Moshi alikuwa amekwisha kufunguliwa ya kwake, amebaki na kile kitambaa cha bluu. Nilikuwa na bonge la bukari mfukoni. Nikamtupia. Alinitazama kwa jicho moja, sijui kama alinijua. Hakula. Akaanza kuita, ko-ko-ko, na mitetea ambao sikuwafahamu wakaja mbio kutoka kila upande wa ua, wakala, naye akasimama juu yao akiwa amenyoosha shingo. Kisha akawika. Sauti haikukatika.

Leo tunakaa mbali na Kamalondo, katika nyumba ya kupanga yenye saruji hadi ukutani, na mwenye nyumba hataki mifugo. Nkambo anaishi nasi; magoti yamemkataa. Mamu Kapinga alihamia kwa watoto wake, na uani kwake wanauza vipuri vya pikipiki. Asubuhi ninaamshwa na simu. Kuku tunanunua wa barafu kutoka frigo, jokofu la dukani, mapaja matupu yaliyogandana ndani ya karatasi ya nailoni, na sisemi kwamba ni mabaya, maana tunakula na tunashiba. Lakini wiki iliyopita, tukiwa mezani, Nkambo alishika kipande chake muda mrefu, akakigeuza, akauliza huyu ni mtoto wa nani. Mdogo wangu, yule aliyebatizwa, akajibu kwamba ni mtoto wa frigo. Wote tukacheka. Nkambo hakucheka. Aliendelea kukishika kile kipande, akituangalia mmoja mmoja, akingoja kwa adabu kabisa kama mtu aliyeuliza jambo la kawaida. Nikaona kwamba mdogo wangu hajui ni kwa nini swali lile ni swali. Nikaweka bukari yangu chini, nikamwambia asogeze kiti karibu, nikaanza kusema, na chakula kikapoa.