Nikimaliza Hii Maikrowevu

Mama alipiga simu nikiwa Olaya, mjini Riyadh, nimeegesha gari chini ya jengo la ofisi nikimngoja bosi atoke mkutanoni. Hakulia. Alisema mzee ametuacha alfajiri, wamempeleka mochari, na sasa wananingoja mimi. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kwetu, upande wa magharibi mwa Kenya, baba hazikwi mtoto wake wa kwanza akiwa hajafika. Si jambo la kujadiliwa. Awe Nairobi, awe jela, awe ng'ambo, maiti inawekwa kwenye friji ya mochari, na watu wanakaa msibani, wanaimba, wanachinja, wanatazama barabara. Mtoto wa kwanza nilikuwa mimi. Kwa hiyo mama aliposema wananingoja, hakuwa akinibembeleza. Alikuwa akinieleza mambo yalivyo.

Wenzangu wengi waliwaita waajiri wao baba. Mimi wangu nilimwita bosi, kwa sababu baba nilikuwa naye, na hata siku hiyo sikuona sababu ya kubadilisha. Yeye ndiye aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wa kibali changu cha kukaa na kufanya kazi. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye sefu yake, na bila yeye kunitolea ruhusa ya kutoka nchini na kurudi, nisingepita hata mlango wa kwanza wa uwanja wa ndege.

Nilimwambia tulipofika nyumbani. Alikuwa ameenda moja kwa moja uani kutazama karavani yake, lile gari kubwa la Kimarekani lenye vitanda, choo na jiko ndani. Ilikuwa inatoa harufu ya plastiki iliyoungua.

"Bosi," nilisema, "mzee wangu amekufa."

Aligeuka. Aliinua mikono akaomba, kisha akanishika kichwa kwa mikono yote miwili kama mtu anavyomshika mwanawe. Sikulitarajia hilo. Aliniambia nipumzike siku hiyo, akamtuma madam, mkewe, aniletee tende na kahawa chumbani kwangu. Nikamwomba niende nyumbani. Akasema, "Utaenda, inshallah. Tukirudi kutoka likizo ya Jeddah utaenda uwape pole mama yako na ndugu zako. Lakini kwanza hii." Akaonyesha kidole ndani ya karavani.

Nikasema moyoni: huyu ana jiwe kifuani. Baba yangu yuko kwenye friji, na yeye ananionyesha jiko.

Kitu chenyewe kilikuwa maikrowevu, lakini si kama zile za mezani. Ilikuwa imejengewa ndani ya kabati juu ya jiko la gesi, na ilifanya kazi mbili: ilipasha chakula moto, na pia ilioka kama oveni, kwa feni inayozungusha hewa ya moto. Vitu vyote vya gari hilo vilitaka umeme mdogo wa Marekani. Nyumba ya bosi, kama nyumba nyingi za Riyadh wakati huo, ilikuwa na soketi za aina mbili, za umeme mdogo na za umeme mkubwa. Bosi alikuwa amechomeka waya wa karavani kwenye ule mkubwa, kwa mkono wake mwenyewe, kisha akabaki anashangaa moshi unatoka wapi. Na madam alikuwa ameshawaahidi dada zake wa Jeddah kwamba likizo hii atawaokea kuku ndani ya gari. Bila oveni safari ilikuwa haina maana.

Mimi nililetwa kama dereva. Lakini wakala wa Nairobi, katika miaka ile ya kusomba vijana kwenda Saudia, alitufundisha kitu kimoja tu cha maana: ukiulizwa kama unajua kazi, unajua. Bosi aliponiuliza mwanzoni kabisa kama najua mambo ya umeme, nilijibu najua. Na kweli nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na televisheni kule sokoni kwetu. Maikrowevu nilikuwa nimefungua mbili tu maishani, na moja haikupona.

Nikaanza. Fyuzi mpya iliungua pale pale nilipoiweka. Nilipolivua bati la nje na kuua kwa bisibisi umeme unaobaki mle ndani hata ukishachomoa plagi, nikakuta transfoma imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Nikamwambia bosi hii imekwisha, inunuliwe nyingine. Akanipa gari na ruhusa ya kuzunguka. Nilizunguka Riyadh nzima na kipimo cha futi mfukoni. Maduka yalijaa maikrowevu zinazong'aa, zote za mezani, zote za umeme mkubwa. Nikionyesha vipimo vyangu, muuzaji anatikisa kichwa. Mafi, hakuna. Duka la pili, mafi. Nilianza kulichukia neno hilo hata likisemwa na mtu mwingine kuhusu chumvi.

Nyumbani simu hazikukoma. Ndugu yangu anayenifuata alipiga nikiwa nimelala chali kwenye sakafu ya karavani.

"Bro, wazee wanauliza unafika lini."

"Waambie nakuja. Nikimaliza hii maikrowevu."

"Microwave?"

"Ndiyo."

"Kwani wewe si ulienda kuwa driver?"

Mama alichukua simu. Aliuliza polepole, kwa ile sauti anayotumia na wagonjwa, "Hiyo kitu inapika nini huko, mwanangu, mpaka inamshinda baba yako?" Nilikuwa na hasira na mama, na ndugu yangu, na mzee mwenyewe kwa kuchagua kufa nikiwa mbali. Kisha nikaona haya, nikarudi kwenye skrubu.

Hatimaye nikaipata kwenye soko la vitu vilivyotumika, kwa mtu aliyekuwa akiuza vyombo vya wageni waliorudi kwao. Umeme mdogo, oveni ndani, feni nzima. Kasoro ilikuwa moja: ilikuwa nyembamba kuliko tundu la kabati, na matundu yake ya bolti hayakukutana na yale ya zamani. Nilikata vipande vya alumini nikatengeneza fremu, nikaacha nafasi pembeni na nyuma, maana kitu kile kikikosa hewa kinajipika chenyewe. Nikatoboa matundu mapya kwenye sakafu ya kabati la juu.

Kuipandisha kulihitaji watu wawili. Aliyenisaidia alikuwa dada wa jikoni, Mkenya mwenzangu, Mwislamu kutoka Likoni, aliyekuwa katika nyumba ile kabla yangu. Alipanda juu ya jiko la gesi kwa magoti, akaibeba maikrowevu kwa bega, na mimi nikaingiza kichwa na mkono kwenye kabati la juu kukaza bolti.

"Kaka," alisema akihema, "mzee mshamzika?"

"Bado. Wananingoja mimi."

"Siku zote hizi? Yuko wapi basi?"

"Mochari. Shikilia hapo, usilegeze."

Alinong'ona astaghfirullah. Halafu akauliza, "Na huyu baba mwenye nyumba umemwambia?"

"Nilimwambia siku ile ile. Anajua."

"Mwambie vizuri, kaka."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia mtu akifa amekufa, hakuna kufa vizuri na kufa vibaya, na kama bosi ana moyo angekuwa ameshasikia. Bolti ya mwisho ilikataa kushika, nikaizungusha, nikaizungusha, na mle ndani ya kabati, kichwa changu kikiwa gizani kati ya sahani za plastiki, nikalia. Yeye alijua, kwa sababu maikrowevu ilikuwa inatikisika begani kwake. Aliishikilia mpaka nilipomaliza.

Ilifanya kazi. Tuliwasha tukaweka kikombe cha maji, yakachemka. Tukageuza upande wa oveni, feni ikaunguruma, joto likapanda. Bosi alipiga makofi. Kwa mara ya kwanza tangu simu ile nilihisi kifua kimelegea, na jioni hiyo nilimwambia mama watafute mchungaji, tunaenda Jeddah na kurudi tu, halas, basi, ninakuja. Nilisikia akiwatangazia watu, na watu wakiitikia.

Niliendesha karavani ile kutoka Riyadh hadi Jeddah nikiwa nimetega sikio nyuma. Kila tuta, kila shimo, nilisikia fremu yangu ikigonga, na kila mara nilikaza mikono kwenye usukani. Kama ingeanguka barabarani, mzee angeendelea kungoja. Sikuona jangwa wala milima. Niliona lile kabati tu, akilini, njia nzima.

Haikuanguka. Tuliegesha Al-Rawdah, mtaa mmoja wa Jeddah, ndani ya ukuta wa nyumba ya dada yake madam, na siku iliyofuata madam akaoka kuku wake. Wanawake walikuwa wakiingia na kutoka kwenye gari wakisifu. Mtoto mmoja wa nyumba ile alikaa mbele ya kioo akitazama kuku anavyozunguka. Bosi aliniita mbele ya mashemeji zake akanitaja kuwa fundi wake. Nikatumia nafasi hiyo kumkumbusha safari yangu, naye akasema, "Tukirudi, inshallah," kwa uchangamfu, huku akinipa paja la kuku kwenye sahani.

Ni yule dada wa Likoni, tuliyesafiri naye, aliyeenda kwa madam. Simlaumu, hata sasa simlaumu. Aliniona nimesimama na lile paja mkononi nimeshindwa kulila, akaona imezidi. Alimweleza madam kwamba baba yangu bado hajazikwa, akidhani wataona huruma waniharakishe. Madam akamwambia mumewe.

Bosi aliniita ndani ya karavani baada ya sala ya alasiri, akafunga mlango. Oveni ilikuwa bado ina joto.

"Ni kweli baba yako yuko kwenye friji?"

"Ni kweli, bosi."

"Tangu siku ile uliyoniambia?"

"Tangu siku ile."

Aliketi kwenye kiti cha meza. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mimi nimekuwa nikimwombea kama mtu aliye kaburini," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia amekufa."

"Nilijua amezikwa! Mtu akifa anazikwa. Siku hiyo hiyo."

"Kwetu mtu akifa anangojewa, bosi."

Tulitazamana. Nikaona kwamba hakuwa na jiwe kifuani. Tangu mwanzo alikuwa akifikiri ninataka kwenda kukaa na ndugu zangu kando ya kaburi lililokwisha fukiwa, jambo linaloweza kungoja likizo ipite. Na mimi nilifikiri duniani hakuna mtu asiyejua maiti inamngoja nani.

"Wallahi," alisema, "ungeniambia hajazikwa, ningekuachia siku ile ile. Ningekupeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Hii," na akaipiga kofi maikrowevu, "ingetupwa."

Nilimwamini. Afadhali ningeona anadanganya.

Nikamwambia basi, bado hatujachelewa. Anipeleke Riyadh, anipe pasipoti, nitakuwa nyumbani kabla ya wiki kuisha. Akatikisa kichwa. Alikuwa analia sasa, waziwazi, bila kujifuta. Alisema heshima ya maiti ni kumzika upesi, na kila siku mzee anayolala kwenye friji ni mateso kwake na dhambi kwa aliyemweka. Jana ilikuwa dhambi yetu, leo anajua, kwa hiyo ni yake pia. Hataweza kutia mkono kwenye safari ya mtu anayengojewa na maiti. Siku ile ya kwanza safari yangu ingemharakisha mzee kaburini; sasa ingemwongezea siku kwenye friji. Wamzike leo, kabla jua halijatua. Wakishamzika, nitaenda mwezi mzima, tiketi juu yake, na nitabeba zawadi za mama.

"Na wasipomzika?"

"Basi sikuachii. Sitaki kusimama mbele ya Mungu na jambo hili."

Hakuna nililosema likamfikia. Nilijaribu mila, nikajaribu mama, nikajaribu hata Biblia. Alinisikiliza kwa upole, kama unavyomsikiliza mtu mwenye homa, kisha akanisogezea simu yangu mezani. Mzee angekaa kwenye friji ile akimngoja mtu asiyeruhusiwa kuja, mpaka bosi achoke au mochari ichoke. Nikapiga.

Mama alishika mara moja. Nyuma yake walikuwa wakiimba. Nikamwambia wamzike mzee leo, wasiningoje tena.

Wimbo uliendelea hadi ukaisha. "Ni wewe unasema hivyo," mama akauliza, "ama kuna mtu amekusimamia hapo?"

Bosi alikuwa amefungua viganja vyake, midomo ikicheza, akimwombea mzee wangu.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Mzikeni."

Nilikaa na simu sikioni. Bosi aliponiuliza mama amesemaje, nilimjibu kwamba amekubali, naye akashukuru Mungu na kunibusu kwenye paji la uso. Mama hakuwa amesema chochote. Alikuwa amekata simu.